Pete Mbili Sakafuni

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi redio kilinuka moshi wa kulehemu. Watu wanne, meza moja. Koti, mkubwa wao, ambaye hata kwenye joto kama lile havui koti, aliweka kidole juu ya mchoro wa duka la sonara.

"Saa ya chakula wanafunga. Mlinzi tumeshamtafutia safari. Mashine anaingia chumba cha dhahabu, anarudishia mlango king'ora kisilie, anajaza mifuko. Kisha Dereva anaingia kubeba, Mashine anatoka. Fundi uko koridoni, kwenye kitasa. Swali?"

Kitasa chenyewe kiliendeshwa na chipu ya zamani, ya enzi za kiwanda cha vitasa ambako Fundi na mkewe walifanya kazi mpaka kikafungwa. Chipu hiyo haijui porojo. Unaiandikia amri moja moja, kavu: weka, punguza, linganisha, rudi. Ukikosea, inatii kosa lako bila huruma.

Mkewe ndiye Mashine. Jina alilipata kiwandani, kwa namna walivyosaka makosa: Fundi anasoma amri kwa sauti, yeye anakuwa chipu. Visahani vitatu mezani, maharage ndani ndiyo hesabu. Fundi akisoma "weka tano," anaweka tano. Akisoma "punguza moja," anatoa moja. Hakisii. Kosa likijitokeza analigonga kwa kidole: "Hapa ulisinzia, baba."

Na Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja. Swichi ya kwenye fremu, inayoijulisha chipu kuwa mlango umefunguliwa, hutetemeka kidogo ikiguswa, na chipu huona mguso mmoja kama miwili. Dawa yake ni amri chache za kusubiri. Fundi huzisahau kila mara. "Subiri itulie," Mashine humkumbusha, naye huziongeza huku akicheka.

Programu ya kazi hii waliisoma pamoja, ikapita safi. Lakini jana Koti alimvuta Fundi kando.

"Mdogo wangu, sipendi kukuumiza. Mkeo na Dereva wanatoroka kesho baada ya kazi. Huoni wanavyonong'ona?"

Fundi alikuwa ameona. Angeweza kuuliza, mke yuko chumba cha pili, swali lenyewe halimalizi hata pumzi moja. Hakuuliza. Hapo ndipo ninapomkasirikia mtu huyu, na hapo hapo ninapomhurumia. Alikaa peke yake akaongeza amri zake. Hesabu ianze na mbili. Mlango ukifunguliwa, punguza moja. Ikifika sifuri, jifunge, usimsikilize mtu. Mara ya kwanza angeingia mkewe. Ya pili, Dereva, nao wangebaki ndani wote wawili. Hesabu akaiweka mahali ambapo hata umeme ukikatwa haifutiki. Visahani havikuguswa.

Saa saba na dakika kumi, mchana.

Chipu ya sonara iling'ang'ania. Fundi aliing'oa kwa bisibisi, miguu miwili ya chipu ikakatika, haifai tena. Akaitupa, akapachika yake yenye programu. Mlango ukaachia. Mashine alimgusa kwa bega, kama walivyozoea kiwandani, akaingia na kurudishia mlango.

Komeo likagonga chuma.

Mifuko ilipojaa, Dereva akaja. Fundi alibonyeza kitufe cha kufungulia. Komeo halikusogea. Akabonyeza tena.

"Kaka, vipi?" Dereva aliuliza.

Sauti ya Mashine ilitoka kwenye tundu la hewa juu ya mlango. "Baba, zima umeme, uwashe."

"Haitasaidia."

"Kwa nini?"

"Hesabu inabaki."

"Hesabu gani? Hatukuweka hesabu." Mfuko ulichakacha ndani. "Nisomee. Nina pete hapa, zitafaa badala ya maharage. Taratibu."

Alitoa karatasi ya amri, akasoma. Alipofika kwenye amri zake, akazipita.

"Umeruka," alisema Mashine. "Soma zote."

"Weka mbili, kisahani cha tatu."

"Pete mbili."

"Mlango ukifunguliwa, punguza moja."

"Hukusubiri itulie." Pete moja ililia sakafuni. "Nimefungua, moja imetoka. Swichi imetetemeka." Pete nyingine ikalia. "Sifuri. Imejifunga. Ile ya pili ilikuwa ya nani?"

Fundi alimtazama Dereva. Dereva alikuwa keshaelewa.

"Koti aliniambia mnatoroka."

"Tunatoroka, ndiyo. Mimi na wewe, tumwache Koti na kazi zake. Dereva alikubali kutuvusha mpaka. Nilitaka kukwambia garini, maana Koti angekusoma usoni. Wewe huwezi kuficha kitu. Nilidhani huwezi."

Saa saba na nusu.

Koti alichungulia koridoni. "Mlinzi anarudi na polisi! Tuondoke!"

"Yuko ndani," alisema Fundi.

"Basi huyo keshaliwa. Dereva, funguo!"

Dereva alizitupa miguuni pake. Koti akaziokota, akapotea, na gari likanguruma nyuma ya duka. Dereva alichukua bisibisi ya Fundi, akaanza kuchokonoa bawaba. "Shemeji, sogea mbali na mlango," alisema, na hakumtazama Fundi hata mara moja.

"Kimbia, baba," Mashine aliita.

"Siendi popote."

Sauti ya Mashine ilikatika. "Basi soma tena, tangu mwanzo. Labda mimi ndiye nimekosea kuhesabu."

Hakuwa amekosea, na wote wawili walijua. Fundi alipiga magoti chini ya tundu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akaanza na amri ya kwanza. Polisi walipoingia koridoni walimkuta bado anasoma. Alikuwa amefika kwenye pete mbili, na safari hii hakuruka.