Ratiba ya Mtoto Naftali

Mwaka 1954, Nkoaranga nzima, hakuna aliyezijua seli kama mimi, Thomasi. Nilikuwa darasa la kumi, na likizo ile nilitaka kila mtu alijue hilo.

Dada yangu Penina alikuwa amejifungua mtoto mdogo sana, Naftali. Kikapu cha kuchumia kahawa kilimtosha. Alilala mno, na Penina akaniuliza kama amwamshe anyonye. Nikamweleza kwa madaha: mwili umejengwa kwa seli, vijumba visivyoonekana kwa macho. Mtoto mdogo ana seli ndogo, basi hula kidogo. Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani jikoni: ANYONYE ASUBUHI NA JIONI. Chini yake nikaweka jina langu.

Siku ya pili Naftali hakuwa na nguvu hata ya kulia. Miguu yake ilikuwa baridi. Nilikimbia kumwita jirani yetu, nesi Anande.

Alimlaza mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi. Penina akamkamulia maziwa mdomoni, tone kwa tone. Penina akamsimulia nesi habari za seli zangu na ratiba. Naftali alipoanza kunyonya mwenyewe, ndipo nesi aliponigeukia.

"Msomi, seli za mtoto ni ndogo kama zako. Za tembo pia ni ndogo. Unajua kwa nini?"

Akaokota kiazi.

"Chakula hupenya kwenye seli kutoka nje, taratibu. Seli ingekuwa kubwa kama hiki kiazi, katikati ingekufa njaa."

Kisha akachota mtori, supu nzito ya ndizi, kwa kijiko, akangoja kidogo, akaniambia niuguse. Ulikuwa umepoa. Wa chunguni ulikuwa bado unafuka moshi.

"Naftali ni kijiko, wewe ni chungu. Mwili mdogo hupoa upesi. Seli zake huchoma chakula haraka ili apate joto, na chakula huisha. Anyonye kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Akilala, mwamsheni."

Tulimwamsha. Mwezi ulipoisha, mashavu yake yalikuwa yamejaa, na akilia alisikika mpaka kwa jirani.

Wageni walipokuja kumwona pale jikoni, nikawaambia nilisema tangu mwanzo: mtoto mdogo hunyonya mara nyingi.

Bibi yetu, Hanna, alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la watu wazima. Aliinuka, akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye mkaa.

"A-su-bu-hi na ji-o-ni," akasoma. Kidole kikashuka. "Tho-ma-si."

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwa mara ya pili siku hiyo.