Tanki la Zinki

Tanki la mafuta lilikuwa limeibwa, na aliyeliiba alikuwa mtu wa adabu. Hilo Inspekta aliliona kabla hata hajavua miwani yake ya jua.

Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo karakanani, sakafu ya nyuma ikiwa wazi. Pa kukaa tanki palikuwa patupu. Koplo alikuwa ameshaandika kwamba ni kazi ya wezi wa vyuma chakavu, tena kwa mwandiko mzuri. Inspekta akaingia ndani na tochi, akapiga magoti, akakaa humo muda mrefu kuliko koplo alivyopenda.

"Mwizi wa chakavu angeyaacha mabomba haya ya shaba?"

Koplo akakiri kwamba asingeyaacha.

"Na angefungua nati moja moja, azipange ndani ya kopo?"

Koplo akaanza kufuta. Inspekta akamwonyesha mipira ya mafuta: midomo yake ilizibwa kwa vitambaa safi, vikafungwa na uzi ili uchafu usiingie. Huyu alikuwa fundi. Hata katika kuiba, mikono yake ilikataa kufanya kazi ovyo. Inspekta akajipangusa magoti, akatangaza kwamba kabla ya saa saba mchana mwizi atakuwa anatoa maelezo. Alijiamini kupita kiasi, na kilichowaudhi wenzake kituoni ni kwamba mara nyingi hakukosea.

Mwenye boti, mjane mwenye sauti ya kuamrisha, hakuwa na muda wa kupoteza. Boti hiyo ilivusha wagonjwa kwenda hospitali ya ng'ambo. Mkaguzi wa vyombo vya majini angefika kesho yake. Akiikuta haina tanki, kibali cha kuvusha kingepewa mwingine, na mjane hakuwa na kazi nyingine duniani.

Tanki la zamani lilikuwa limeoza kwa kutu. Fundi wa injini, mdogo wa marehemu mumewe, alitaka jipya liwe la plastiki au la aluminiamu. Mjane akachagua chuma kilichopakwa zinki: hakishiki kutu upesi, na kinang'aa. Walibishana wiki nzima.

"Alikupa sababu?" Inspekta aliuliza.

"Sababu yake ni kwamba hilo silo. Nikimuuliza kwa nini, anatazama pembeni. Mimi siongozwi hivyo, Inspekta."

Mchomeleaji aliyeliunda tanki, aliyeitwa Cheche, hakuwa na mengi. Alifuata oda. Ila yule fundi wa injini alimjia mara tatu kumsihi aikatae kazi ile, akitaka hata kumlipa hasara. Alipoulizwa kulikoni, akaondoka bila kuaga.

Inspekta akamwambia koplo amlete mjane nyumbani kwa shemeji yake, huenda kukapatikana kitu cha kutambua. Yeye akatangulia. Fundi alikuwa uani, spana zake zimetundikwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa. Juu ya benchi kulikuwa na uzi uleule.

"Jana mchana, wenzako walipokwenda kula, ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Mgongo unakuuma?"

Fundi alikuwa amekishika kiuno bila kujua. Akautoa mkono.

"Winchi ya mnyororo imesaidia kulitoa botini," Inspekta alisema, "lakini mkokoteni wa kulifikisha hapa hausukumwi na winchi. Liko wapi?"

Fundi akavuta turubai pembeni ya ukuta. Tanki lilikuwa limekatwa vipande vinne. Mjane, aliyekuwa akiingia na koplo, aliviona na kusimama hapohapo.

"Umeiba kitu ukakiharibu," Inspekta alisema. "Umepata faida gani?"

"Zinki na dizeli havipatani. Zinki inayeyuka kidogo kidogo, inafanya utando kama sabuni, unaziba chujio. Injini inazimika."

"Ungemwambia hivyo shemeji yako."

"Angeniuliza nimejuaje."

Inspekta alijua wakati wa kumwachia mtu nafasi, na fundi akaijaza.

"Boti ya kaka ilikuwa na tanki kama hili. Nililichagua mimi, nikalifunga mimi. Injini ilimzimikia mkondoni, boti ikapigwa mwambani, akafa. Tulipoiopoa nilifungua chujio nikauona ule utando. Nikasema ni dizeli chafu. Watu wakasema kaka alikuwa bahili, alinunua mafuta ya vichochoroni, amejiua mwenyewe. Nikawaacha waseme. Miaka minane."

Mjane alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Uchungu ulimpanda waziwazi, na hakujaribu kuuficha.

"Nami nilisema," alisema. "Kaburini kwake nilisema hivyo hivyo."

"Najua, shemeji. Nilikuwa nimesimama karibu yako."

Inspekta akamuuliza mjane kama angependa kuondoa malalamiko. Tanki lilikuwa lake, na sheria ilikuwa na njia zake. Mjane akatikisa kichwa. Kesi iandikwe. Kwa mkaguzi atajitetea mwenyewe, na tanki litakaloingia botini ni la aluminiamu.

Fundi akanyoosha mikono apigwe pingu.

"Bado," mjane alisema. Akainuka na kumshika mkono wa shati, kama mtu anayeogopa mwenziwe asije akateleza. "Kwanza twende kwa mama yenu. Anaamini marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nikiwepo."

Inspekta akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita na nusu. Akamwambia koplo awashe gari.