Usiachie Mpaka Nikwambie

Haya yalimpata jirani yangu, fundi Kulow, na niliyaona kwa macho yangu mawili, tena mchana kweupe. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hudhani ni mambo ya usiku na ya walevi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Hola, nimeishi Garissa miaka ishirini na tisa, na kileo sijui hata ladha yake.

Siku ilianza kama siku zote. Ilikuwa Jumanne, jua kali, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha ukuta wangu. Upande wa pili, Kulow alikuwa uani kwake na Landikruza yake ya mwaka sabini na sita, gari alilolipenda hadi mkewe, Safiyo, akaliita mke mwenza. Lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yote yamevuliwa. Breki za zamani, zile za dramu, zilirundikwa pembeni. Mahali pake alikuwa amefunga diski mpya zinazong'aa, na karibu na injini ameweka boosta nyeusi, ile inayouongezea mguu nguvu dereva akikanyaga breki.

Seti hiyo ya diski ilikuwa imekaa kwenye boksi chini ya kitanda chake miezi minane. Kila Ijumaa Arbia, binti yake wa pekee, aliyekuwa karani katika shirika moja kule Dadaab, alikuja nyumbani na kumtania, "Aabo, magari ya watu yanasimama, yetu inaomba dua." Kulow alicheka, akasema ngoja amalize kazi za wateja. Ndivyo walivyo mafundi wetu, na sijui nani aliwaroga.

Novemba mvua ikanyesha. Arbia alichukua gari kurudi kazini, akavuka laga, korongo la mchanga lililokuwa limejaa maji. Breki za dramu zikilowa hazishiki. Ukitoka majini lazima uende polepole, umekanyaga kidogo kidogo, mpaka zikauke. Arbia aliyajua hayo, babake alimfundisha. Lakini ng'ambo ya laga lori lilikuwa limekwama katikati ya njia, na hakupata nafasi ya kukausha chochote. Tulimzika siku ileile, kabla ya magharibi.

Kulow hakulia. Alilivuta gari hadi uani, akanyoosha bodi kwa nyundo wiki sita, kisha akalitoa lile boksi chini ya kitanda. Nilimshauri aliuze kama vyuma chakavu. Alivyonitazama, niliona aibu.

Basi Jumanne hiyo ilibaki kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali, mwingine yuko chini, anafungua nati ndogo ili mafuta yatoke pamoja na hewa. Tangu akiwa na miaka saba, wa kukanyaga alikuwa Arbia. Sheria ni moja tu: ukishakanyaga, usiachie mpaka uambiwe. Ukiachia mapema, hewa inarudi na kazi yote imeharibika.

Baada ya swala ya alasiri nilimsikia Kulow akiita. "Kanyaga! Shika! Achia!" Nikafurahi kwamba amepata mtu wa kumsaidia. Nikaenda kumsalimu.

Kitini hapakuwa na mtu.

Pedali ilikuwa inashuka. Polepole. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikabaki chini. Kulow, amelala mchangani, akafungua nati. Mafuta yakatoka na mapovu. Akakaza.

"Achia, aabo," akasema, kwa maana baba wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lake mwenyewe la baba.

Pedali ikapanda.

"Kulow," nikanong'ona. "Nani huyo?"

"Rudi nyumbani, Mwalimu."

"Kulow!"

"Wallahi ni yeye. Mguu yake naijua. Hiyo ya tatu ndio nzito."

Kazi ya saa moja ilichukua siku kumi na moja. Baadaye nilielewa kwa nini. Kila jioni, akishamaliza magurudumu matatu, Kulow alifungua nati makusudi na kuingiza hewa upya, ili kesho pawe na kazi. Aliamini kwamba hewa ikiisha, Arbia naye ataondoka. Akakonda. Akafukuza wateja. Chakula alichopelekewa kilirudi vilevile.

Safiyo hakujua kitu; tangu msiba hakutoka ndani, na alidhani mumewe ana kibarua wa kumkanyagia. Siku ya kumi na moja nilimwambia mimi. Laiti ningenyamaza.

Alikuja uani, akaiona pedali ikishuka. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kando ya mumewe.

"Baba Arbia, mtoto amechoka. Malizia, umwache alale."

"Siwezi."

"Kwa ajili yangu."

Akaanza. Nyuma kushoto. Nyuma kulia. Mbele kushoto. Safari hii hakurudisha hewa. Likabaki gurudumu la mbele kulia, hatua moja tu kutoka kitini.

"Kanyaga."

Pedali ikashuka.

"Shika."

Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja. Kulow akakaza nati. Lilibaki neno moja tu.

Alifungua mdomo. Hakusema. Akalaza paji la uso juu ya diski mpya, na mabega yake yakatetemeka. Tukamwacha alie, kwa kuwa hakuwa amelia hata siku moja. Mabega yakatulia. Safiyo akamgusa.

Alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika asubuhi, kando ya binti yake. Siku ya tatu Safiyo, akiwa ndani ya eda, aliniita. Taa za breki za lile gari zilikuwa zinawaka tangu siku ile, akaniomba niing'oe betri. Nikaing'oa. Nikaibeba mikononi.

Taa zikaendelea kuwaka.

Niliinama kutazama pedali. Ilikuwa chini. Niliivuta juu kwa mikono miwili, haikusogea. Raba yake ilikuwa na joto.

"Achia," nikasema.

Safiyo akaita kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo kabisa, naye akimwita mwanawe kwa jina la mama. "Arbia, hooyo. Achia. Inatosha."

Haikuachia. Alikuwa amefundishwa kumsikiliza mtu mmoja.

Eda ilikwisha mwezi uliopita. Ndugu za Safiyo wamekuja kutoka Elwak mara mbili kumchukua, naye amekataa. Kila alasiri hutandika mkeka nyuma ya gari, akakaa akitazama zile taa mbili nyekundu, na humwambia mwanawe avumilie kidogo, babake yuko njiani. Betri iko nyumbani kwangu, chini ya meza.