Diski Isiyolala Nje

"Kaka, achia."

"Achia wewe, dada. Mimi ndiye niliyetangulia kushika."

"Wewe umeshika waya. Mimi nimeshika mashine yenyewe."

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, soko la vyombo vya umeme vilivyotumika limefurika watu bega kwa bega, na hawa wawili wanavutania mashine ya kuchezea diski kama watoto wanaogombania mto wa kulalia. Dada alivaa ovaroli ya buluu, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko, kichwani kitambaa cha njano na bisibisi imechomekwa humo humo. Alikuwa fundi wa vyombo vya sauti mwenye kibanda ghorofa ya pili ya jengo la pili, na pale wote walimwita Fundi, basi. Kaka alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Mtu wa namna hii, alijiambia Fundi, hajui hata upande wa kuingizia diski.

"Unaitakia nini?"

"Kusikilizia muziki. Kwani ina kazi gani nyingine?"

Muuzaji akaangua kicheko. "Bosi, hiyo bubu! Diski inazungusha, inasoma, lakini sauti haitoki ng'o. Huyu dada anaichukua akatoe vipuri."

Kaka akaachia. Uso ulimshuka mpaka Fundi akajuta kumvuta. "Ni ya tano hii," alisema. "Zote za aina hii ninazozipata ni wagonjwa."

Hapo Fundi angeondoka na mzigo wake. Lakini moyo hauna adabu. "Ni diski gani hiyo inayokuhangaisha?"

Yule kaka alikuwa mfamasia. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi, na bendi hiyo iliwahi kurekodiwa kwenye zile diski za sauti ya hali ya juu, ambazo redio ya kawaida haizisomi na kompyuta ukizitia inazitema kama mtoto aliyelishwa dawa chungu. Wimbo wa saba uliimbwa na mama. Mama hayupo tena duniani. Mashine ya nyumbani iliungua umeme ulipopanda ghafla, na mzee, ambaye sikio moja lilishakufa, alikuwa apasuliwe la pili Ijumaa baada ya wiki tatu.

"Daktari amesema uvimbe utatoka," alisema Mfamasia, "na kusikia kutatoka nao. Baba anataka amsikie mama mara moja kabla ya siku hiyo. Hataki kingine."

Fundi aliitazama ile mashine, akamtazama mtu. "Bubu si lazima aimbe. Anaweza kuandika."

"Sijakuelewa."

"Mashine chache za zamani, hii ikiwamo, ukizichomekea flashi yenye programu fulani, zinaimwaga diski nzima kwenye kompyuta kupitia waya wa mtandao. Tukiupata wimbo kwenye kompyuta, baba atausikiliza hata kwa simu. Lete hiyo diski."

"Nitaleta. Ila mzee ana sharti lake." Alionekana kuona aibu. "Diski hailali nje. Kila jioni lazima irudi nyumbani."

"Diski ina bahati kuliko mimi," alisema Fundi. "Mimi hakuna anayeniulizia nimelala wapi."

Mfamasia akacheka, akainua mashine, akaibeba mwenyewe mpaka ghorofa ya pili, na lile shati jeupe likafika na vumbi kifuani. Fundi aliliona, akapenda.

Kazi ikaanza, nayo ilikuwa na kiburi kama nini. Flashi ya kwanza, ile mashine bubu iliikataa. Ya pili ikaikataa. Ya tatu ikaipokea, trei ya diski ikajifungua yenyewe kama inavyotakiwa, Fundi akapiga kofi mezani kwa furaha. Kumbe kompyuta nayo ina yake. Ikaandika: imekataliwa.

Kila mchana, duka la dawa likifungwa kwa chakula, simu ya Fundi iliita.

"Habari za mgonjwa?"

"Mgonjwa bado anakataa kuongea na kompyuta."

"Kukataliwa mimi nimezoea."

"Nani amekukataa?"

"Wengi. Wewe upo kwenye foleni?"

"Mimi nipo kazini, kaka. Na wewe kauze panadoli."

Lakini alikuwa akikata simu anatabasamu mpaka mafundi wa vibanda vya jirani wanakohoa kwa makusudi. Baada ya siku tisa alikuwa haitwi dada tena, anaitwa Fundi wangu. Siku ya kumi na moja walikula sahani moja, na mkono wa Mfamasia ukasahau kuondoka juu ya mkono wake. Siku ya kumi na mbili Fundi akagundua kwamba namba ya anwani ya mtandao aliyoiandika kwenye programu haikuwa ya ile mashine. Akaisahihisha. Diski ikaanza kumwagika.

"Inakuja!" alipiga kelele kwenye simu. "Mpenzi, inakuja!"

"Umeniitaje?"

"Usinipotezee muda. Njoo."

Ilikwenda wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Ilipoingia wa saba ikaganda, na faili lote likawa halifai. Wakarudia. Ikaganda palepale. Siku tatu, ikaganda palepale.

"Kwa nini tusianze na huo wa saba?" aliuliza Mfamasia.

"Hapana. Mimi sifanyi kazi vipande. Diski nzima, tangu wimbo wa kwanza. Kuokota okota ni kwa wababaishaji."

"Lakini siku zinakwisha, Fundi wangu."

"Nani fundi hapa?"

Na Jumatano, siku mbili kabla ya hospitali, mambo yakaharibika zaidi. Diski ilirudi asubuhi kutoka nyumbani kama kawaida, Fundi akaitia, ikaganda wimbo wa pili. Akafungua mashine, akasafisha lenzi, akaangalia kila waya. Ikaganda wa kwanza. Alikuwa amewahi kushindwa kazi, lakini hakuwahi kuharibu kitu kisichonunulika.

"Ni lenzi yangu," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya Mfamasia. "Lenzi imeikwaruza. Nimekuharibia."

Mfamasia alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nipigie baba. Nimwambie mwenyewe."

"Si lazima, Fundi..."

"Nipigie!"

Akaongea na mzee kwa sauti kubwa, kwa kuwa mzee hasikii vizuri, na korido nzima ikasikia. "Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyeharibu diski yako. Mimi, baba." Upande wa pili mzee akasema asante mwanangu kwa kujaribu, na sauti yake ilikatika kabla hajamaliza.

Fundi alipoweka simu chini akaiinua diski, akaimulika kwa tochi ili angalau auone mkwaruzo wenyewe. Hapo akaona. Haukuwa mkwaruzo wa lenzi. Ulikuwa ukungu mwembamba, na ndani yake mistari midogo ya duara, duara juu ya duara. Fundi yeyote hufuta diski kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, maana duara linafuata njia ileile ya lenzi na kuipoteza. Akaileta puani.

"Umeifuta?"

Mfamasia akaipapasa kalamu mfukoni.

"Mfamasia, nakuuliza. Umeifuta kwa spiriti, ukazungusha kama unasafisha kidonda?"

"Niliona alama ya kidole. Jana, nyumbani. Nilidhani nasaidia."

"Na nilipofungua lenzi, nikalia hapa mbele yako, ulikuwa unajua?"

"Sikuwa na hakika..."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nimwombe radhi baba yako! Nimemwambia mimi ndiye niliyemharibia sauti ya mkewe, na wewe umesimama hapo na kalamu zako mfukoni, unanitazama tu!"

"Niliogopa, mpenzi. Hii ndiyo mara ya kwanza baba kunikabidhi..."

"Mpenzi nani? Shika diski yako. Si hailali nje? Basi itoke."

Alitoka. Mafundi wa jirani wakajifanya wana kazi nyingi ghafla.

Alhamisi asubuhi simu iliita mara kumi na moja, Fundi hakuipokea hata moja. Kazi za watu zilikuwa zimelala mezani, hazigusi. Mfamasia angekuwa mteja tu, angemsahau kabla ya saa nne. Lakini alimpenda, jamani, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma, hilo pamoja na yule mzee ambaye kesho yake atalala kitandani na kuamka kwenye ukimya. Bubu ilikuwa pale pale, haijawashwa tangu jana. Fundi aliweka kiganja juu ya bati lake. Lilikuwa baridi.

Mkono ukabaki hapo. Siku zile zote kabla ya jana, kila ilipoganda, bati hili lilikuwa la moto usioshikika. Inasoma nusu saa, inachemka, lenzi inachoka. Na wimbo wa saba unafika lini? Baada ya nusu saa. Mtu asiyejua kitu alimwambia aanze na wa saba, yeye akamuuliza nani fundi hapa.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti, akaichukua simu.

Hakuwahi kuipiga. Viatu vilisikika ngaziani, polepole, na mzee mrefu mwenye koti la kahawia akatokea koridoni akiwa ameshikwa kiwiko na mwanawe. Shati la Mfamasia siku hiyo halikupigwa pasi.

"Shikamoo, baba."

"Semea huku," alisema mzee, akimgeuzia sikio la kulia.

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Huyu ana neno. Nimemwambia kwamba wewe uliniomba radhi watu wakisikia, na yeye atakuomba watu wakisikia."

Mfamasia alimeza mate. Korido ilikuwa imejaa mafundi. "Diski niliiharibu mimi," alisema, tena kwa nguvu. "Fundi hana kosa. Nilimwona analia nikanyamaza, kwa woga wangu. Nisamehe. Hata kama hunitaki tena, nisamehe."

"Aliniambia jana jioni," alisema mzee. "Nikamnunia mpaka asubuhi. Halafu nikajiuliza, sikio lenyewe limebaki la siku moja, nitalimaliza kwa kununa?"

Fundi alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Na mimi nina langu, baba. Mwanao alinishauri jambo la akili, nikalikataa kwa kiburi. Tungekuwa tumeshaupata wimbo." Akamgeukia Mfamasia. "Hayo mengine tutayasema. Lete diski. Na maji na sabuni ya vyombo."

Akaiosha ukungu wa spiriti ukatoka, akaikausha kwa kitambaa laini, katikati kwenda nje, taratibu. Akaivua bubu bati lake lote, akaielekezea feni. Kwenye kompyuta akaziondolea alama nyimbo zote, akaacha moja.

"Vipande?" aliuliza Mfamasia kwa sauti ya chini.

"Nyamaza kabla sijabadili mawazo."

Ikaanza. Asilimia kumi. Ishirini na tano. Mzee hakuwa na cha kusikia bado, lakini alikodolea macho ile namba. Arobaini. Diski ilikuwa inalia sauti nyembamba ya kukwama na kuendelea. Sitini na nane, ikasimama.

"Fundi..."

"Usiguse. Hakuna kugusa."

Alikuwa amemkamata Mfamasia kifundo cha mkono bila kujua, na kucha zimemwingia. Ile sauti nyembamba ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Sitini na tisa. Mtu mmoja nyuma akasema "twende mama, twende," kama anayesukuma gari. Themanini. Tisini na nne. Mia.

Alipojaribu wimbo wa kwanza, lenzi ilikuwa imekata kamba kabisa. "Hizo nyingine zitangoja mashine nyingine, baba," alisema.

"Zingoje. Hizo napiga tarumbeta mimi, najijua."

Akamvalisha hedifoni kubwa, akapandisha sauti mpaka mwisho. Mzee alikaa wima. Kisha mabega yakamlegea, mkono ukaanza kupiga goti taratibu, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta. Mara akacheka. "Hapa alikosea maneno!" alisema kwa kelele, kama wafanyavyo watu wenye hedifoni. "Nilimwambia arudie, akakataa katakata!"

Aliusikiliza mara tatu. Alipovua hedifoni alimtazama mwanawe.

"Wiki tatu mezani kwangu ni Fundi hivi, Fundi vile. Kama una neno la kumwambia, liseme leo. Kesho saa mbili asubuhi wananilaza. Ukilisema Jumamosi, mimi nitaona midomo tu."

Mfamasia alitazama mafundi, akatazama sakafu, akanong'ona kitu.

"Sijasikia," alisema mzee.

"Fundi, nataka kukuoa!"

Feni ilikuwa bado inazunguka. Fundi alivuka mikono kifuani. "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka mwezi ujao."

"Nitakuwapo."

Hakumjibu. Alizunguka meza, akainama kwenye sikio la kulia la mzee, akalizungushia viganja viwili, akasema taratibu, neno moja moja: "Nimekubali, baba. Nampenda."

Mzee alifumba macho, akabaki amefumba.

"Amesemaje, baba?" Mfamasia alikuwa amesimama vidoleni. "Baba! Amesemaje?"

Mzee aliushika mkono wa Fundi asiondoke. "Rudia kwa sauti, mwanangu," alisema. "Mwenye masikio mawili mazima hajasikia."