Mkono Usiojitaja

Asubuhi ile Restituta alimshukuru mama mkwe wake kwa kazi ambayo mama mkwe hakuifanya.

"Asante, mama, kwa kunishika shavu usiku. Nimelala kama sikung'olewa jino."

Domisiana alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. "Mimi? Jana sikuamka hata kwenda chooni."

"Basi ni Anatoli."

"Anatoli huyu mwanangu? Huyo ukimkata mguu usiku, ataamka asubuhi anatafuta kiatu."

Walicheka wote wawili, ila Domisiana ndiye aliyeacha kwanza.

Nyumba yenyewe ipo Mugoma, pale migomba inapoishia na bonde linapoanza. Restituta alikuwa ametoka mjini Ngara kung'olewa gego la nyuma kabisa, lililooza mpaka kwenye mzizi. Daktari akampa masharti: aume pamba, asisukutue, asiongee, na usiku alale kichwa kimeinuka. Sasa mito mingi mkulima ataitoa wapi? Anatoli, mumewe, akasukuma nusu gunia la maharage chini ya godoro upande wa kichwani, akasema, "Haya, lala kama malkia." Na kweli alilala vizuri. Hapo ndipo palipoharibikia.

Maana katika nyumba ile, tangu enzi za bibi zao, hakuna anayemgusa mwenzake gizani bila kujitaja. Ukiguswa unauliza, "Ni nani?" Mwenzako anajibu, "Ni mimi fulani," ndipo unatulia. Hata mume na mke. Lakini mkono ule ulipokuja, wa baridi kama kitambaa kilicholowekwa maji, Restituta mdomo wake ulikuwa umejaa pamba, na daktari kakataza kuongea. Akaitikia kwa kichwa tu. Akaulalia.

Usiku uliofuata pamba haikuwepo, lakini ile raha alikuwa ameshaizoea, naye hakuuliza. Alisikia maharage yakilia chini ya godoro, krr, krr, kama mtu anayekaa polepole kichwani pa mgonjwa asimwamshe. Ikaja harufu ya udongo wa kisima kipya. Kisha mkono. Maumivu yakakatika.

Kilichomtia hofu hakikuwa mkono. Ni mtoto. Iteka, mwanawe mchanga ambaye hata kutambaa bado, alianza kukataa ziwa. Akisogezwa kwa mama yake anageuza uso, analia, macho kayatupa juu ya bega la mama kama amemwona mtu amesimama pale. Siku zikapita, mtoto akaanza kukonda, na pengo la jino likagoma kufunga. Daktari alipolitazama tena alikunja uso.

"Mwenye kidonda kama hiki huwa halali kwa maumivu. Wewe unalalaje?"

Restituta aliona haya kusema.

Domisiana ndiye aliyemleta Bi Swaumu, muuza vitenge wa mjini. Ukoo wake ulitoka Tanga zamani, ukaja na biashara na mambo mengine.

"Padri asijue," Domisiana alinong'ona akimsogezea kigoda.

"Dada yake padri ni mteja wangu," Bi Swaumu akasema, akakaa.

Alilinusa shavu la Restituta bila kuligusa.

"Mwanangu, huyu si jini wa kukunyonga. Huyu ni wa kukustarehesha. Mtu akiumwa, anakuja. Ukimpokea bila kumuuliza jina, kwake umeshamkaribisha. Atakaa kwenye hilo pengo lisifunge, na mtoto atakwisha huku ziwa limejaa."

"Nifanyeje, mama?"

"Muulize jina. Hana. Kisha mkatae. Yale maumivu yote aliyokuzuilia yatakuja kwa pamoja, uyabebe mwenyewe mpaka kuche. Usimwite."

Basi Iteka akapelekwa kulala chumba cha bibi yake, taa ikazimwa, na Restituta akalala macho wazi akisikiliza panya darini, na migomba nje, na pumzi za Anatoli, mpaka panya wakanyamaza, na migomba ikanyamaza, na maharage yakaanza kulia chini ya sikio lake, krr, krr, safari hii yakilia muda mrefu kama anayekaa ni mzito kuliko juzi, na ile harufu ya kisima ikashuka usoni, na kidole cha baridi kikapita kwenye mdomo wake kikigusa jino moja moja, taratibu, kama mwanamke anayechagua mahindi ya mbegu.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi." Sauti ilikuwa ya Domisiana kabisa.

"Mimi nani? Jitaje."

Kidole kikasimama juu ya jino lililo zima.

"Sikutaki. Toka."

Mkono ukaondoka, na maumivu yakaja. Restituta aling'ata blanketi, akapiga ukuta kwa kisigino. Hata Anatoli aliamka, na kabla hajamgusa alisema, "Ni mimi, Anatoli mumeo." Akamshika miguu mpaka jogoo wakawika. Mara mbili Restituta alifungua mdomo kumwita yule, na mara mbili akaufunga.

Pengo likafunga. Iteka akarudi kwenye ziwa, akanyonya mpaka akakohoa, na Domisiana akaenda misa ya kwanza kushukuru bila kusema anashukuru nini.

Mvua zilipoanza, fizi za Iteka zikavimba. Meno yanatoka. Bibi yake alizoea kumchukua usiku ili mama apumzike, na kilio kilivuka ukuta. Usiku mmoja kilio kikakatika katikati. Restituta akatabasamu gizani, bibi kambembeleza.

"Mama Iteka." Ilikuwa sauti ya Domisiana upande wa pili wa ukuta, ya chini sana. "Ni wewe umeingia humu?"

"Hapana, mama. Niko kitandani."

"Mtoto kanyamaza ghafla. Nimempakata, lakini shavu lake limekuwa la baridi."

Restituta alisimama, akaweka viganja ukutani. "Ni nani?" akauliza. Akauliza tena, kwa nguvu. "Ni nani huko?"

Iteka, ambaye hajui kusema hata mama, hajui kumuuliza mtu jina wala kumkataa, akacheka taratibu, kama mtu anayekandwa pale pale panapouma.