Chumba Kisichomo Kwenye Ramani

Asubuhi hiyo pale Marshalltown, katikati ya Joburg, karibu na robot, zile taa za barabarani, Mayasa alikuwa ndiyo kwanza anapanga vitenge mezani. Akaja kijana mwenye kizibao cha kazi cha njano, akasimamisha chuma cha miguu mitatu mbele yake, juu yake mashine nyeupe mfano wa chungu kilichofunikwa.

"Wee kaka, dude lako linanizibia wateja!"

"Samahani bibie. Linasikiliza setilaiti. Dakika tano tu lijue hapa ni wapi."

"Hapa ni mbele ya meza yangu. Ungeniuliza, ningekwambia bure."

Kijana akacheka, mwanya ukaonekana. Aliitwa Pandu, Mzanzibari, mpimaji wa kampuni ndogo ya Midrand inayowachorea watu ramani za viwanja vyao. Dakika tano zikawa saa nzima. Mwezi haukuisha, simu hazikauki.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Nawe usinipigie ukivuka barabara, utanifanya mjane kabla ya ndoa."

Mayasa na mama yake, Bi Biubwa, walikaa Troyeville, chumba cha uani chenye paa la bati na pazia la maua. Ikatokea mwenye nyumba akataka ramani ya kiwanja, kazi ikamwangukia Pandu. Akaja na kalamu sikioni, akapima kila pembe, akaandika kila chumba na anayekaa humo. Bi Biubwa akampa chai ya iliki, vikombe viwili, akamwita mwanangu. Mayasa akajiona kama keshaolewa.

Miezi mitatu baadaye nyumba ikauzwa. Wakili wa mnunuzi akaja na ile ramani mkononi: waliomo watapewa vyumba jengo lingine, wasiomo watoke kabla ya Ijumaa. Mayasa akaikodolea macho. Pale penye chumba chao palikuwa patupu, kama uwanja wa majani.

Akapiga simu.

"Pandu, umetufuta!"

"Nimewaficha, mpenzi. Kibali cha mama cha kuishi nchini kimekwisha muda. Nikasema, jina likikaa kwenye karatasi zao, polisi watamfuata."

"Ungeniuliza!"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana hukuniuliza!"

Akakata simu. Kweli, mgeni wa Joburg hufundishwa mapema kuikimbia karatasi. Naye Pandu alifanya alichofundishwa. Kesho yake alikwenda kwa wakili kukiri. Wakili akasema ramani imeshatiwa saini, na anayekiri kuficha chumba, nani atamwamini akikirudisha? Midrand nako wakamfukuza kazi.

Ijumaa ukuta ukavunjwa. Jumamosi Mayasa na mama yake wakawa kituo cha mabasi, safari ya kwao Tanga, mabegi manne na sufuria. Pandu akatokea mbio, kanzu nyeupe imemlowa jasho.

"Nioe, Mayasa. Namaanisha, nikuoe. Eish, hata maneno yananikimbia."

Mayasa akacheka na machozi yakamtoka. "Unioe nikae wapi?"

"Chumbani kwangu. Tupo wanaume wanne."

"Na mama?"

Pandu akainamisha macho kwenye mabegi. Mayasa akamfuta jasho kwa ncha ya mtandio, polepole, kama mke.

"Nimekusamehe, Pandu. Wallahi nimekusamehe. Lakini sina pa kukaa na msamaha wangu."

Akapanda. Basi likaondoka.

"Yule mwanangu," Bi Biubwa akauliza, "alikuja kutuchukua?"

"Hapana, mama. Alikuja kutuaga."