Kicheko cha Mwanangu Kwenye Tangazo la Dawa ya Kupe

Nina miaka thelathini na moja, naishi Bariadi mjini, peke yangu, katika chumba cha kupanga. Sikuwa hivi, wasomaji wenzangu! Nilikuwa na mume, nilikuwa na mtoto...

Niliajiriwa na redio moja hapa mjini, kazi yangu kutunga matangazo na nyimbo za kufungulia vipindi. Nilipojifungua binti yangu, Limi, bosi alinitaka nitunge wimbo wa kipindi kipya cha kina mama. Nikachukua maneno niliyokuwa nikimbembeleza nayo mwanangu. Siku ya kurekodi nilikuwa nimempakata, na mwishoni akacheka... Kicheko kile! Kabula, fundi mitambo na rafiki yangu wa ndani, akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "tusikikate. Hicho ndicho wimbo wenyewe."

Wimbo ulipendwa. Hata sokoni wanawake walimwita Limi mtoto wa redio.

Limi hakufikisha miaka miwili. Malaria ilimpanda kichwani, tukamkimbiza hospitali, akafia mikononi mwa baba yake tukiwa bado getini. Nani ataelewa uchungu ule?

Niliporudi kazini nilimwomba bosi jambo moja tu, wimbo ule usipigwe tena. Akasema, "Pole sana. Lakini wimbo ni wa ofisi." Nikarudi kwenye kazi zangu, nikidhani atalainika.

Hakulainika! Miezi michache baadaye nilikuwa mnadani Mwamapalala na mume wangu, Masanja, tumepeleka ng'ombe. Gari la matangazo likaingia. Nikasikia muziki wangu! Pale nilipoimba "Limi, lala", sauti ya Kabula iliimba "Kupe, lala". Walikuwa wanatangaza dawa ya kuogeshea mifugo! Na mwishoni, mbele ya umati wote, mwanangu akacheka...

Watu wakacheka naye. Masanja aliachia kamba ya ng'ombe, akaniuliza kwa Kisukuma, kila mtu akisikia, kama nimeuza sauti ya mtoto wake aliyekufa. Niliapa sijui lolote. Hakuniamini. Ndugu zake nao walisema nimemchezea marehemu. Wiki ileile alirudi kwao, na mpaka leo hajanipigia hata simu.

Nilimwendea bosi nikilia. Hakuniambia hata nikae. "Ulitunga saa za kazi, kwa mshahara wetu," alisema. "Hata hicho kicheko kilirekodiwa na mashine zetu."

Kabula alikuwa pembeni, anachezea simu. Nikamuuliza, "Hata wewe, Kabula?"

"Ni kazi tu, mayu. Usilete msiba ofisini."

Usilete msiba ofisini! Nilimpigia kelele, na siku hiyohiyo nikafukuzwa.

Mwanasheria aliyeusoma mkataba wangu alitikisa kichwa. Wimbo ni wao, alisema, maana niliajiriwa kutunga, na nilisaini kwamba kila nitakachotunga kazini ni mali yao. Kuhusu sauti ya mtoto ningeweza kushtaki, lakini nilihitaji mtu wa kushuhudia kwamba sikuwaruhusu kuitumia kwenye biashara. Mtu huyo alikuwa Kabula peke yake, aliyekuwepo siku ya kurekodi... akakataa.

Mwisho nilijishusha. Nilirudi kwa bosi kuomba nakala ya kicheko tu, kwa sababu picha za Limi ninazo, sauti yake sina. Akasema rekodi ya zamani ilishafutwa, imebaki ya tangazo. "Utamsikia gari likipita," akaniambia, akaendelea na chai yake.

Na kweli linapita. Mwanzoni nilikuwa naziba masikio. Sasa natoka nasimama mlangoni, nasubiri tangazo la dawa ya kupe ili nimsikie mwanangu. Ni mama gani anaishi hivi?

Wewe unayetunga, unayechora, unayepiga picha kwa ajili ya mwajiri, nakusihi, kabla hujasaini uliza kazi hiyo itakuwa ya nani. Wape kazi waliyokulipa uwafanyie. Lakini mtoto wako akicheka... mwache achekee nyumbani!